Kidole cha Mfinyanzi

Mfinyanzi hufika darasani kabla ya wenzake, akakaa kwenye kompyuta ya dirishani. Vidole vyake havitulii. Vinazungusha hewa mapajani, vinaipa tumbo, vinaipa shingo. Sufuria zimeua vyungu, na wateja waliobaki wanataka kuviona mtandaoni, kwa hiyo mafunzo haya ndiyo kamba yake ya mwisho. Zamani mtu alitambulika kwa kazi yake. Siku hizi huulizwa kioo cha mashine. Jana wanawake wa darasa hili walisajiliwa kwa alama za vidole, na asiyesajiliwa hafundishwi. Muuza sabuni akapita, mshonaji akapita. Yeye akabonyeza, kioo kikaandika: hakuna kidole. “Futa jasho, mama,” mwalimu akasema. Akafuta. Hakuna kidole. “Shoga, umekufa lini bila kutuita mazishini?” muuza sabuni akamtania, darasa likaangua kicheko. Yeye alivitazama vidole vyake, laini kama ganda la yai. “Alama zangu zimo vyunguni,” akasema taratibu. “Ziko majikoni mwa watu.” Akainuka, akatoka.

Jioni mimi, bawabu wao, nilifunga ukumbi wa mafunzo, kazi yangu ya uzeeni, nikarudi nyumbani. Nikakishika chungu alichonifinyangia miaka mingi iliyopita. Chini ya shingo, dole gumba lake lilionekana mstari kwa mstari. Lilikuwa na joto, na jiko langu lilikuwa halijawashwa tangu juzi.