Arobaini ya Marisela

Usiku kucha Ofelia Bracamontes alikaa jikoni, simu mbele yake. Binti yake Marisela alikuwa leba hospitali ya Fresno, na Ofelia alingoja habari mbili: kama kajifungua salama, na kama arobaini ya uzazi ataimalizia kwa mama yake au kwa mama mkwe. Kwa mama mkwe, Doña Eduviges, kulikuwa na kisima. Kwa Ofelia kulikuwa na Ofelia.

Tangu ukame uanze na anayezidisha maji aanze kutozwa bei ya juu zaidi, huku kumwagilia kukiruhusiwa siku mbili tu kwa wiki, alikuwa ameng'oa nyasi zote za mbele akapanda mpungate usiotaka maji mengi. Maji ya kufulia aliyapeleka kwenye mlimau. Bili ikashuka, moyo ukatulia, ila mkono haukutulia. Mwezi uliopita aligonga mlango wa bafu: "Yatosha, bibi wee! Unaoga au unalima mpunga?" Marisela akatoka na tumbo lake, povu kichwani, akafungasha akaenda kwa mkwewe.

Kulipokucha simu ikalia. Alikuwa mume wa Ofelia, Rigoberto, akipiga kutoka hospitali.

"Wa kike! Mzima, na ana kelele kama wewe."

"Ashukuriwe Mungu! Wanakuja huku?"

"Muulize mwenyewe."

"Mama," sauti ya Marisela ilikuwa imechoka.

"Hongera, mwanangu. Njoo nyumbani. Nitakuchemshia maji ya majani ya rozmari, uoge mpaka vidole vikunjamane."

"Na bili?"

"Baba yako kanionyesha. Maji yetu yalikuwa yanaliwa na nyasi. Tangu tuzing'oe hatujaikaribia ile bei ya juu, hata wewe ulipokuwa hapa."

"Kwa hiyo nilitoka na povu bure?"

"Bure kabisa. Nisamehe."

Marisela akacheka, kisha akaguna, mshono ukimuuma. "Nitaona, mama. Doña Eduviges keshachinja kuku."

"Kuku hata mimi ninao!"

Kesho yake mchana Ofelia alikinga sufuria kubwa kuliko zote, akafungulia bomba mpaka mwisho. Mlio wa maji ulimchoma kidogo, akauacha umchome. Harufu ya rozmari ilikuwa imejaa nyumba gari liliposimama nje. Akasikia Rigoberto akisema taratibu, taratibu, na kichanga kikilia. Hakukimbilia dirishani; aliogopa kuona gari likigeuza kwenda kwa Doña Eduviges.

Mlango ukafunguka.

"Mama, shika mjukuu wako," Marisela akasema. "Bafu liko wazi?"