Nilidhani Ni Picha ya Ubatizo

Miaka yangu ya kwanza Amerika niliishi Louisville, na kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kumtunza bibi mmoja wa Kizungu pale Jeffersontown. Kabla yake nilikuwa nikifunga maboksi kwenye ghala, zamu nzima umesimama na hakuna anayejua unaitwa nani. Kwa bibi nilikuwa mtu. Nilimwogesha, nikampikia uji, nikamkata kucha, na mchana tulikaa sebuleni akanionyesha albamu zake. Alikuwa mjane anayekaribia miaka tisini. Aliniita "mpenzi", nami nikamwita Bibi, maana sikuweza kumwita mtu wa umri ule kwa jina lake kama alivyotaka.

Katika albamu moja kulikuwa na picha ya watu wengi waliosimama mbele ya mti. Wanaume wamevaa kofia na tai, wanawake magauni meupe, watoto wameinuliwa ili waonekane. Baadhi wanatabasamu. Sehemu ya juu ilikuwa imekunjwa kwa nyuma na kugandamizwa, hivyo mti uliishia kidogo tu juu ya zile kofia.

"Huyu mwenye utepe ni mama yangu," Bibi alisema. "Na aliyembeba ni babu."

Nilimwambia ni picha nzuri. Nilidhani ni ya ubatizo. Kambini Kigoma, nilikokulia baada ya wazazi wangu kukimbia Burundi, mpiga picha alikuja na baiskeli yake kila palipokuwa na ubatizo. Alitupanga nje ya kanisa la udongo, watoto wakainuliwa, kila mtu na nguo aliyoazima. Tulizikunja picha zile ili ziingie kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya chakula. Mama yangu anayo moja ambayo mimi sina kichwa mpaka uikunjue. Kwa hiyo mkunjo wa picha ya Bibi haukuniambia kitu. Alinitazama kidogo, kisha akageuza ukurasa.

Sikukaa Louisville. Sijui kukaa. Nilihamia Columbus kwa sababu ya binamu, nikaondoka Columbus kwa sababu ya baridi, nikaenda Buffalo ambako baridi ni maradufu. Mji huwa naanza kuupenda siku ninayofunga mizigo. Nikiwa Buffalo, nikisubiri basi la kwenda Kenmore kwenye nyumba ya wazee nilikofanya kazi, nilitamani hata vumbi la maboksi ya lile ghala la Louisville.

Mwaka 2015 nilipanga chumba karibu na barabara ya Bailey. Habari za Burundi zilikuwa mbaya mwaka ule, na kila jioni simu ilinitisha. Mchungaji wetu alipotangaza kwamba mwandishi wa habari, Mmarekani mweusi, atazungumza katika ukumbi wa chini ya kanisa, nilienda ili nisikae peke yangu na simu. Sikujua atazungumza nini.

Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, nywele fupi za mvi, sauti iliyokwaruza. Aliandika katika gazeti dogo la mtaa, na kwa miaka mingi alikuwa anapigania jambo moja. Alieleza habari za watu weusi waliochukuliwa na umati, wakatundikwa mitini au wakachomwa moto bila kesi wala hakimu, na kwamba ukatili ule haujaisha, umebadilisha nguo tu. Alisema katika kumbukumbu za serikali, kesi baada ya kesi inafungwa kwa maneno yale yale: aliuawa na watu wasiojulikana.

"Sasa tazameni wasiojulikana wenyewe," alisema, akawasha mashine, picha ikatokea ukutani.

Nilimwona kwanza mtoto mwenye utepe. Nilifurahi. Ile furaha ya kukutana na mtu unayemjua ugenini ilinipanda mpaka nikainua mkono, kama nitakayemsalimia. Ndipo macho yangu yakapanda juu, kupita kofia, mahali ambapo picha niliyoizoea ilikuwa inaishia. Kulikuwa na miguu, haina viatu. Juu yake kulikuwa na mtu mzima kabisa, na kamba, na shingo yake ilivyokaa.

Mkono wangu ulibaki juu.

"Ndiyo, dada?" mwandishi aliuliza.

"Picha hii naijua," nilisema. "Lakini ilikuwa fupi."

Ukumbi wote uligeuka. Sikumbuki alimaliza vipi mazungumzo yake. Nakumbuka alinikuta kwenye ngazi nimekaa, akakaa kando yangu, akanipa maji. Aliniambia picha kama zile ziliuzwa kuwa postikadi. Watu walizibandika stempu, wakawatumia ndugu zao salamu. Ya kwake aliinunua kwa mwenye duka la vitu vya zamani. Aliyetundikwa alikuwa kaka wa bibi yake yeye mwandishi.

Nilirudia neno moja tu. "Postikadi?"

"Postikadi."

Nilimweleza habari za Bibi na albamu yake, naye akanieleza shida yake. Halmashauri ya kaunti alikouawa kaka huyo, mwendo wa saa moja kutoka Louisville, ilikuwa imekubali kusimamisha kibao cha kumbukumbu mahali pale, lakini maneno yake yawe yale yale ya watu wasiojulikana, kwa kuwa hakuna ushahidi wa majina. Wangesikiliza wananchi mara moja, kisha wafunge mjadala. "Nyuso ninazo zote," alisema. "Jina sina hata moja. Huyo bibi yako yu hai?"

"Alinipigia simu Krismasi."

Nilimpigia Bibi nikamwambia nitakuja na mgeni anayependa picha za zamani. Alifurahi, akasema ataagiza keki. Siku ya kikao ilipokaribia tuliondoka na gari la mwandishi, tukalala Columbus kwa rafiki yangu, mama wa Kikongo kutoka Uvira. Alitupikia sombe, kisamvu cha kwao, na ugali. Mwandishi alikula akamaliza, akasinzia kwenye kochi na viatu vyake. Sisi wawili tukabaki jikoni.

"Ule mubibi anajua unamuletea nani?" rafiki yangu aliuliza.

"Nimemwambia mgeni anayependa picha."

"Mugeni!" Aligonga sufuria kwa mwiko. "Bon. Donc weye umekuwa mujanja sasa. Mutu alikuwa anakupendaka, akakupatia hata koti ya baridi, na weye unaenda kumufungulia kaburi mu salon yake, penye anakaribishaka bageni."

"Kaburi ni la ndugu wa huyu anayekoroma pale."

"Najua." Alishusha sauti. "Lakini siye ni batu ya vita, yaya, dada yangu. Jina ukishaisema, inatembea. Bakikuuliza nani aliua, unasema sikuona."

Ndivyo nilivyofundishwa hata mimi. Maofisa walipokuja kambini kutuhoji, baba yangu alijibu "watu wenye silaha" na hakuongeza kitu, ingawa alikuwa amekua na watu wale, amecheza nao mpira. Maneno ya ile kaunti, niliyoyasikia chini ya kanisa, nilikuwa nimeyasikia kwanza kwa sauti ya baba.

Kesho yake saa sita tulikuwa Jeffersontown. Bibi alifungua mlango mwenyewe, ameegemea fremu yake ya kutembelea, amepungua mno. Alinikumbatia. Halafu akamtazama mwenzangu.

"Na huyu ndiye mpenda picha?"

"Mimi ni mwandishi wa habari, mama," alijibu kabla sijafungua mdomo. "Nimetoka Buffalo kwa ajili ya picha moja tu iliyomo katika albamu yako. Ukiniambia niondoke, naondoka."

Bibi alinigeukia mimi. "Ipi?"

"Ya mti," nilisema, na masikio yaliniwaka moto.

Nilidhani atatufukuza. Alituonyesha viti, akaniagiza albamu, akaitoa picha mwenyewe kwenye vipembe vya karatasi vilivyoishikilia ukurasani.

"Naweza kuikunjua?" mwandishi aliuliza.

"Ikunjue ukitaka. Najua kuna nini."

Alilisema hilo kama mtu anayekuambia sukari iko kwenye kopo lile. Miezi yote niliyokaa naye, nikimsugua mgongo, nikisifia picha yake, alijua.

"Nani aliikunja?" mwandishi aliuliza.

"Mama. Alitaka kubaki na baba yake. Picha nyingine ya baba yake hakuwa nayo."

Mwandishi alitoa kalamu. "Na hawa wengine unawajua?"

Bibi aliwajua. Alianza mstari wa mbele, kidole kikienda kichwa baada ya kichwa, jina na jina la ukoo, kama mwalimu wa shule ya Jumapili anayeita mahudhurio. Huyu alikuwa na duka la mbegu. Huyu shemasi. Huyu alimfundisha mama kusoma. "Huyu alikuwa bahili, walisema hata kivuli chake alikiweka kabatini," alisema, akacheka, kisha akakumbuka yuko na nani na kicheko kikakatika. Mwandishi hakuinua kichwa. Kalamu yake haikusimama. Nilikiweka kisahani changu cha keki chini sakafuni.

"Na huyu wa juu?" mwandishi aliuliza mwishoni.

"Huyo hatukuambiwa jina."

Mwandishi alilitaja, jina lote. Bibi alijaribu kulirudia, akakosea, akaambiwa tena, akalipata.

"Kaka wa bibi yangu," mwandishi alisema. "Miaka kumi na tisa."

"Mama alisema alikuwa jitu." Bibi aliitazama ile miguu kwa muda mrefu. "Alisema alikuwa jitu zima la kutisha."

Mwandishi akamweleza habari ya kikao cha jioni ile. Alimwomba aje aseme majina aliyoyasema sasa hivi, basi.

"Niwataje mbele ya wajukuu wao? Wana wajukuu wazuri. Mmoja ananikatia nyasi."

"Kaunti imeandika hawajulikani, mama."

"Nimechoka," Bibi alisema. "Mpenzi, nipeleke chumbani."

Nilimpeleka, nikamketisha kitandani, nikamvua viatu kwa mazoea. Alinishika mkono wa blauzi.

"Umemleta huyu nyumbani kwangu."

"Ndiyo, Bibi."

"Ungeniambia kwenye simu, ningekataa."

"Najua. Ndiyo maana sikukuambia."

"Na nikikataa sasa?"

"Nitasimama mimi," nilisema. "Nitasema uliyonionyesha na uliyoyataja leo."

Maneno yalitoka hivyo hivyo, na yalinishtua kuliko yalivyomshtua yeye. Mimi, niliyefundishwa kusema sikuona.

"Hawatakuamini."

"Watasema sikuelewa Kiingereza."

"Hicho hasa ndicho watakachosema," alisema Bibi, karibu kwa hasira, na sikujua hasira ile ni ya nani. Alikaa akitazama vidole vya miguu yake.

"Nirudishie viatu," alisema. "Na ile sweta ya bluu."

Tuliondoka na gari la mwandishi. Bibi alikaa mbele, picha mapajani, akitazama mashamba aliyozaliwa katikati yake. Ukumbi wa kaunti ulikuwa na watu wachache, na wazee wa halmashauri wamekaa nyuma ya meza ndefu. Mwenyekiti alipomwona aliinuka kwa furaha.

"Shangazi! Umekuja kututembelea! Mleteeni Shangazi kiti chenye mto."

"Sitaki mto," Bibi alisema. "Nataka kipaza sauti."

Zamu yake ilipofika nilimshika kiwiko mpaka mbele. Aliikunjua picha yote, akaionyesha meza nzima, akaanza na yule aliyetundikwa. Jina lake alilitamka vizuri. Kisha akaingia mstari wa mbele. Jina la pili tu, mtu nyuma yangu alivuta pumzi kama aliyeungua. Mwanamume mmoja alichukua kofia yake akatoka, mlango ukajibamiza. Mwingine alisema, "Inatosha, jamani," lakini Bibi labda hakumsikia, maana aliendelea na sauti ile ile ya mahudhurio. Mwenyekiti alivua miwani, hakuivaa tena. Nilimtafuta mwandishi. Alikuwa amesimama ukutani, kalamu imeshuka, haandiki chochote, midomo inafuata majina yale bila sauti.

Bibi alifika kwa aliyembeba mtoto mwenye utepe. Alisema jina, lakini alilisemea kifuani.

Kwenye meza ndogo ya pembeni karani wa kikao, msichana aliyekuwa akipiga chapa muda wote, hakuinua macho. Alisema kama anavyomwambia kila mtu:

"Samahani, la mwisho halikusikika. Naomba herufi kwa herufi, kwa ajili ya kumbukumbu."

Bibi alimtazama mwenyekiti, naye mwenyekiti akatazama meza. Nilihisi uzito wake wote ukihamia kwenye mkono wangu. Kisha akakisogelea kipaza sauti, akaanza kulitaja jina la babu yake herufi moja moja, akisubiri baada ya kila herufi mpaka msichana aiandike.