Jaa la Mama Mkwe

Ziwa lilipofura katika zile mvua za kuelekea uhuru, lilimeza shamba letu lote karibu na Sindo. Tukahamia mlimani: mama mkwe, mume wangu na mimi, bibi harusi wa juzi. Huko juu udongo ulikuwa kokoto tupu. Mama mkwe hakufungua hata mzigo wa vyungu vyake.

"Nyar Rodi," aliniambia, maana nilikuwa binti wa Rodi Kopany, "ardhi hii isipoamka masika haya, tunakwenda kuombaomba kwa kaka zangu Migori." Mimi, jamani, maisha ya kuomba sikuyataka kabisa.

Basi akaanza jaa la mbolea. Mabua ya mahindi chini, kinyesi cha ng'ombe juu yake, majani mabichi, majivu ya jikoni, matumbo ya samaki, kisha mabua tena. Majirani wakacheka: "Wenzetu wanapika takataka!" Kuku walipolichakura, akalikandika lote, likawa laini kama ukuta wa nyumba. Kukandika alikujua, mama yule!

Baada ya wiki chache likanuka, wee, hata mbwa alihama. Akachomoa kijiti alichokuwa amekichomeka katikati kupimia joto: baridi, utelezi mtupu. Akaketi, akashika tama. Nilimwonea huruma, maana sikuwahi kumwona ameshindwa.

Kisha akasonya. "Kumbe tumelinyonga! Vya kuoza navyo vinataka pumzi."

Akatwaa jembe, akabomoa kandiko lake mwenyewe. Tukaligeuza jaa lote, tukachanganya mabua makavu, kuku tukawazuia kwa miba. Siku chache baadaye nilikichomoa kijiti mimi. Kilikuwa cha moto! Nilikitupa kwa yowe, naye akacheka mpaka akapaliwa. Asubuhi jaa lilifuka mvuke. Kila lilipopoa tuliligeuza tena, nalo likazidi kupungua na kuwa jeusi, hata bua usilitambue. Minyoo ikaingia. Mwishowe likanukia kama ardhi iliyonyeshewa.

Tuliichanganya mbolea ile na kokoto, mvua ikaanza, tukapanda kunde. Tukangoja roho juu. Nimezaa na kuzeeka papa hapa mlimani, na kila nikigeuza jaa namshukuru mama yule.

Siku tuliyochuma majani ya kwanza, niliinama kuchukua sufuria.

"Iache hiyo," akasema. Akauendea mzigo wake, akakata kamba, akanipa chungu cha mboga.