Kisu cha Vero

Huku kwetu, ndani ya Nyaishozi, mwanamke haendi msibani mikono mitupu. Anakwenda na kisu. Wanaume wakishaingia migombani kuchimba kaburi, wanawake wanakaa chini kumenya ndizi za kulisha waombolezaji. Vero, kibarua wa kuchuma kahawa za watu, alikuwa na kisu kifupi kilichonolewa mpaka kikabaki nusu, na hakuna msiba kijijini aliokosa kumenya tangu akiwa msichana.

Sasa huyo huyo Vero, asiye na shamba wala mume mwenye shamba, akagombea udiwani. Yeye, Benjamin wa bodaboda na vibarua wenzao wachache walikuwa na chama kidogo, wakajiita wajamaa. Wazee wakacheka. "Ujamaa tulishauona," walisema. Vijana ndio walikuwa wabaya zaidi: kwao diwani yeyote akishachaguliwa anapandisha vioo vya gari.

"Mimi sina gari," Vero aliwaambia.

"Utalipata," wakamjibu, tena kwa upole kabisa.

Katikati ya kampeni akafariki Mzee Rwegoshora, jirani yake, mzee pekee aliyekuwa akimsikiliza bila kucheka. Vero alilia kwa uchungu wa kweli. Kisha akachukua kisu, akaenda kukaa karibu na Auleria, dada wa mjane, akamenya kama siku zote.

Benjamin alifika akiwa amepakia mwombolezaji. Akamwona mgombea wake ameinama, mikono imejaa utomvu, na roho ikamjaa fahari. Wagombea wengine huja na wapiga picha; yeye akatoa simu yake yenye ufa. Kabla ndizi hazijaiva, picha ilikuwa imezagaa kwenye magrupu: *Mgombea wenu yuko nanyi hata msibani.* Nyuma ya Vero alionekana mjane, Mama Restuta, kitenge kimemdondoka kichwani, mdomo wazi kwa kilio.

Simu moja yenye picha hiyo ikazunguka kwa wamenyaji mpaka ikamfikia Auleria. Akaitazama, akaiweka mbele ya Vero.

"Kumbe ulikuja kazini," akasema.

"Sikujua, mama. Haki ya Mungu sikujua."

 Wamenyaji wakavuta rundo la ndizi upande wao. Vero alikaa kidogo bila kitu cha kumenya, aibu ikimchoma, kisha akainuka na kuondoka. Kisu alikisahau pale pale kwenye majani.

Benjamin aliifuta picha, lakini alijitetea. "Wenzetu wote wanapiga."

"Ndiyo maana tulisema sisi si wao," Vero alimwambia. Angemzaba kofi, ila kijana huyo alikuwa akimzungusha kata nzima kwa mafuta yake mwenyewe.

Matanga yalipoanuliwa alikwenda kuomba radhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Mama Restuta akamletea kibakuli cha kahawa za kutafuna, kama anavyoletewa mgeni. Vero alikuwa akiingia nyumba hiyo kwa mlango wa jikoni tangu utotoni, na hakuwa amewahi kuletewa kibakuli.

"Nimekuja unisamehe."

"Nimekusamehe. Najua si wewe uliyepiga." Mama Restuta aliingia ndani, akarudi na kisu kimefungwa kwenye jani la mgomba. "Kisu chako hiki. Pakitokea msiba mwingine kabla ya uchaguzi, wewe kaa nyumbani."

"Na baada ya uchaguzi?"

Mjane akamwekea kisu mkononi. "Ukishindwa, njoo nacho tumenye. Ukishinda, mwanangu, sijui."

Barabarani Benjamin alikuwa akimsubiri, spika imefungwa nyuma ya pikipiki, kwa kuwa jioni ile kulikuwa na mkutano sokoni. Vero akapanda. Alikuwa amewaomba kura watu wa kata nzima, nyumba kwa nyumba, na sasa, kisu kikiwa kimefungwa kwenye pindo la kitenge chake, alijikuta akimwomba Mungu amjalie kushindwa. Ombi hilo lilimtisha kuliko aibu ya msibani. Benjamin akawasha spika na kuanza kulitangaza jina la Vero.