Kuku wa Somo Langu

Tulikuwa tumepata uhuru juzi tu, na mimi nilikuwa mmoja wa wachache waliomaliza sekondari, kwa hivyo niliona chuo cha ualimu kinanichelewesha bure.

Mkufunzi wa chuo alipokuja shule ya Lurambi kuniangalia nikifundisha, aamue kama nitapita, nilibeba jogoo wa kuonyesha watoto. Nikamfunga nje. Mwalimu mkuu akaona jogoo, akaona mgeni, akaagiza achinjwe.

Nilipotoka kumchukua nikakuta manyoya. Ikabidi nichore kuku ubaoni.

"Mwalimu, huyo ni popo?" mtoto mmoja akauliza.

Saa ya chakula, mkufunzi alipewa firigisi, kama mgeni yeyote wa heshima.

"Kijana, kifaa chako cha kufundishia ni kitamu," akasema. "Lakini somo utarudia wiki ijayo."

"Sawa, mwalimu," nikajibu, nikaendelea kula shingo.