Ngoma Imekukosea Nini?

Nilipooa Temeke, enzi za Mwingereza, mashemeji walinipa ngoma nipige kwenye harusi ya mdogo wao. Mie mtu wa bara, tena karani, sikutaka wanione legelege. Niliipiga kwa nguvu za mabega yote mawili. Kabla bi harusi hajatoka ndani, mikono ilikuwa imekufa ganzi na viganja vimevimba.

Mke wangu akaja na bakuli la maji ya vuguvugu yenye chumvi, akanitumbukiza mikono bila kuniuliza.

"Bwana, ngoma imekukosea nini?"

Nikamjibu kwa ukali kwamba ngoma hupigwa, hata neno lenyewe linasema hivyo.

"Na pasi je? Kila asubuhi nalipiga pasi shati lako la kazini. Umewahi kuniona nikilitwanga?"

Akanishika kifundo cha mkono, akakitikisa mpaka kikalegea. Akasema niuache mkono uanguke kwa uzito wake, kisha niuinue upesi kana kwamba ngozi ya ngoma ina moto. Kesho yake, harusi ikiendelea, nilipiga tangu asubuhi hadi alasiri, na jioni nikala wali kwa mkono uleule bila maumivu.

Ukarani nimeacha, hasira bado ninazo. Nikianza kumfokea mtu, mke wangu hanigombezi. Ananishika kifundo cha mkono, anakitikisa taratibu mpaka kinalegea, na mie nasahau nilichotaka kusema.