Sindano ya Pili

Nywele zilianza kutoka wiki ya pili. Nilimwinua kijana wangu asubuhi, nikaona za upande mmoja zimebaki zote kwa mkeka. Alikuwa na miaka minne. Taya lake lilikuwa limefura kama ameficha kiazi mdomoni. Hospitalini Homa Bay walisema ni kansa, wakamdunga sindano ya kwanza, uvimbe ukaanza kushuka. Habari ya nywele hakuna aliyeitaja.

Mama mkwe akakataa kumbeba. Kwetu Magunga, kichwa hunyolewa ukifiwa. "Nyar Sori," akaniita kwa jina la nilikotoka, "huyu ameshajinyolea matanga yake."

Nikakimbia zahanati. Nesi alipoona kile kichwa aliogopa kuliko mimi. "Mama, dawa imemlemea. Hiyo sindano ya pili usimpeleke."

Siku ya sindano nilienda Homa Bay, lakini nilienda kugombana. Wodini nikakuta daktari, mwanamke, akifundisha: wauguzi mbele, wazazi nyuma. Ubaoni ameandika njia tatu za kutibu kansa: kupasua, kuchoma kwa miale, na dawa. Sikungoja amalize. Nikamvua mtoto kofia.

"Na hii mlisahau kuandika?"

Daktari hakukasirika. Alisema dawa hii inapiga kila kinachokua haraka mwilini. Uvimbe unakua haraka, nywele pia, basi zote zinapigwa; ila nywele zitarudi. Cha kuogopa ni homa: mtoto akichemka, mlete siku hiyo hiyo. Na ukikatiza sindano, uvimbe unaweza kurudi.

Mbele pale mkono ukainuka polepole. Nesi wetu wa zahanati! Kumbe alitumwa kusoma.

"Daktari, ni mimi nilimkataza. Sikujua."

"Basi andika!" nikamfokea. Watu wakacheka. Akaandika.

Ndiye aliyemshika mtoto akidungwa, na mtoto akamuuma kidole. Wiki chache nyuma huyo mtoto hakuweza kuuma hata ugali. Nilitoka nje nikakaa kwa simiti, nikalia. Hasira yote ilikuwa imeniisha.

Nyumbani nilimweleza mama mkwe yote. "Na nywele zikikosa kurudi?" akauliza.

"Utaninyoa mimi."

Sindano zilipoisha, nywele zikarudi, laini kama za kifaranga. Mama mkwe alipitisha kiganja pale kichwani mara mbili, kama mtu anayekagua mtama. Hakusema pole. Aliinama, akambeba.